Makaburi ya wazee wetu: tuyatafute bila kuamsha vita



Leo tuzungumze juu ya ulizo ambalo wengi wenu mmeniletea: makaburi ya wazee wetu tutayapata namna gani, na tukiyapata tuyaandike wapi?

Katika Februari 2025, kambi nyingi zilizozunguka mji wa Goma zilivunjwa. Familia zilirudi milimani, Masisi na Rutshuru. Wengi walikuta nyumba haiko, mipaka imepotea, na mtu mwingine analima. Hapo ndipo mtu anasema: «Babu yangu amelala hapa, basi shamba ni langu.» Neno hilo linatoka katika uchungu, lakini linaweza kumwaga damu.

Niwaambie yaliyotupata sisi. Babu yangu alizikwa mwaka 1971 juu ya kilima kimoja cha Masisi. Vita ya 1993 ilitukimbiza. Mara ya kwanza kurudi, baba yangu mdogo alipanda kule pamoja na vijana sita wenye mapanga. Mwenye kulima alikimbia, nao hawakuona kitu ila maharagwe. Mara ya pili tulienda na chifu wa kijiji, mchana, mikono mitupu. Yule mzee mwenye kulima alitutazama sana, kisha akatuongoza mpaka penye mawe matano meusi katikati ya maharagwe. Akasema: «Nilijua kuna mtu hapa. Jembe langu halikufika.» Hatua chache mbele akatuonyesha kaburi la binti yake.

Siku ile tuliandika majina mawili katika daftari moja. Shauri la shamba lilichukua miaka miwili mbele ya wazee, likaisha kwa kugawana. Hakuna aliyekufa.

Basi, ninyi mnaotaka kutafuta, fanyeni hivi.

Kwanza, ulizeni wazee kabla ya safari. Kama hawakumbuki mwaka, waulizeni kwa matukio: ilikuwa mbele ya uhuru wa 1960? Mbele ya Nyiragongo kulipuka mwaka 1977, ao nyuma yake? Kama marehemu alikuwa Mkatoliki, tazameni pia vitabu vya parokia, maana humo huandikwa ubatizo, ndoa na vifo.

Pili, mpigieni hodi chifu, na mwiteni anayelima pale sasa. Anayeitwa tangu mwanzo huwa shahidi. Anayeshtukizwa huwa adui.

Tatu, chora mahali. Pima kwa hatua kutoka kitu kisichohama: jiwe kubwa, daraja, kanisa. Mgomba hufa, na mkaratusi hukatwa makaa. Mwenye simu inayoonyesha namba za mahali aziandike pia kwenye karatasi, kwani simu huibwa.

Nne, andika jina la marehemu, la wazazi wake, mwaka, na majina ya mashahidi wa pande zote mbili. Tengeneza nakala tatu: moja ya jamaa, moja ya chifu, moja ya parokia ao msikiti. Karatasi iliyo mahali pamoja inaungua mara moja.

Tano, msichimbe. Mkikuta mifupa mingi isiyo na jina, simameni, wekeni alama, mjulishe wakubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 ilihesabu matukio 617 ya ukatili mkubwa katika inchi yetu, kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Mifupa hiyo inaweza kuwa ushahidi mbele ya hakimu, na mkono wenye haraka unauharibu. Tena, penye vita kunaweza kubaki bomu. Mkiona chuma msichokijua, rudini kwa njia mliyokuja nayo.

Sasa sheria. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Taifa. Mtu hupata haki ya kuitumia. Kwa hiyo kaburi si hati ya shamba. Ni shahidi kwamba jamaa fulani iliishi pale, na shahidi hupimwa pamoja na mashahidi wengine. Lakini asiwepo anayefikiri kwamba akilivunja kaburi amefuta haki ya mwenzake. Kuvunja kaburi ni kosa la jinai, na aibu mbele ya watu wote.

Machifu, neno la mwisho ni kwenu. Fungueni daftari la makaburi ya kijiji, muandike wafu wote bila kuuliza kabila. Mgeni wa jana naye amekwisha kuzika hapa.

Na wewe unayesikiliza: mzee anayejua mahali yuko hai leo. Mwendee leo, na kalamu mkononi.