Waridi la Maonyesho na Waridi la Nyumbani

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Mlituagiza tutoe maoni juu ya jambo moja ambalo kwa sura laonekana dogo: ni waridi gani lioteshwe katika kitalu cha Chama Kikuu, ili kila mwanachama apewe miche ya kupanda mbele ya nyumba yake kwa ukumbusho wa miaka kumi ya ushirika wetu. Wengi walipendekeza lichukuliwe lile lililopata zawadi ya kwanza katika maonyesho yetu, nalo ni waridi liitwalo Peace, yaani Amani. Sisi wa ofisini twaiheshimu rai hiyo, lakini twaomba ipimwe kwanza. Fedha za kitalu ni fedha za kahawa yenu, na mche ukiisha kushika mizizi hukaa miaka mingi. Yafaa kuuliza kabla ya kununua.

Waridi hilo ni la jamii ya waridi-chai chotara. Jamii hii ilipatikana kwa kuyachanganya mawaridi ya chai, yenye asili ya Uchina, na mawaridi yenye nguvu ya Ulaya. La kwanza kutambuliwa liliitwa La France, kazi ya Mfaransa Jean-Baptiste Guillot, mwaka 1867. Dalili zake ni ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, tumba lililochongoka, na petali zinazofunguka taratibu zikiuzunguka moyo ulioinuka. Umbo hilo ndilo lililoipa jamii hii utawala wa meza za maonyesho.

Basi tuanze na meza. Mwamuzi wa maonyesho hautazami mti. Hulitazama ua lililokatwa, nalo likiwa limefunguka nusu au robo tatu. Katika vipimo vya Chama cha Mawaridi cha Marekani, alama 100 hugawanywa hivi: umbo 25, rangi 20, kikonyo na majani 20, uimara wa petali 15, uwiano 10, na ukubwa 10. Zitazameni vema alama hizo, ndugu wanachama. Hamna hata moja ya harufu. Hamna ya idadi ya maua mtini. Hamna ya mti uliostahimili masika bila kupukutisha majani. Mwamuzi hakukosea, kwa maana kazi aliyopewa ni hiyo. Tutakaokosea ni sisi, tukidhani amelijibu swali ambalo hakuulizwa.

Tena, mwenye kulipeleka ua mezani hulitumikia. Huyaondoa matumba ya pembeni yangali machanga ili chakula chote kiliendee tumba moja la juu. Huliwekea kivuli ili jua lisilichujushe. Kisha huchagua moja katika mengi. Huo ni ustadi, wala si udanganyifu. Lakini mama mwenye kahawa ya kuchuma, ng'ombe wa kukatia majani na watoto wa kupeleka shule hatayafanya hayo kila wiki. Kwake yeye, waridi jema ni lile linalochanua tena na tena, linalonukia mlangoni, lisilodai dawa kila mara, na lenye majani ya kijani hata siku lisipokuwa na ua.

Wajerumani wamelizingatia jambo hili kwa muda mrefu. Katika majaribio yao yaitwayo ADR, yaliyoanzishwa mwaka 1950, mawaridi mapya hupandwa katika bustani za sehemu mbalimbali na kuangaliwa kwa miaka kadhaa. Na tangu mwaka 1997 hayanyunyiziwi dawa za magonjwa wala za wadudu. Hapo ndipo wahenga wetu wanapothibitika waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tulitazame Amani lenyewe kwa haki. Lilizaliwa Ufaransa, karibu na mji wa Lyon, katika kazi ya uchanganyaji ambayo Francis Meilland aliianza mwaka 1935. Vita vilipoizunguka nchi ile, macho ya kubebeshea yalikuwa yamekwisha kupelekwa nchi za nje, na waridi likakua huko bila mwenyewe kuliona. Kwao liliitwa Madame A. Meilland, kwa heshima ya mama yake. Italia likaitwa Gioia, na Ujerumani Gloria Dei. Jina la Peace lilitangazwa Pasadena, Marekani, tarehe 29 Aprili 1945, na mwaka huo huo wajumbe wa mataifa waliokusanyika San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa wakapewa kila mmoja ua lake. Mwaka 1976 likawa la kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima ya Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mawaridi. Sifa zake, basi, si za uvumi.

Mezani lina haki ya kushinda. Ua lake ni kubwa, lenye petali nyingi nene; rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na kingo zake zimeguswa na uwaridi. Mti wake una nguvu, huinuka kufikia kifua cha mtu na zaidi, na majani yake ni mapana yenye kung'aa.

Nyumbani, hesabu hubadilika. Kwanza, harufu yake ni hafifu. Pili, jua kali huipausha manjano yake ikawa kama maziwa, na uwaridi ule huonekana zaidi siku za baridi. Tatu, kwa kuwa maua yake ni makubwa, mti hukawia kidogo kati ya mchanuo mmoja na mwingine. Nne, na hili ndilo zito kwetu, huugua madoa meusi. Ukungu wa ugonjwa huo huhitaji jani liloe mfululizo kwa muda wa saa saba hivi ndipo uingie. Katika milima yetu, wakati wa masika, jani hulowa usiku kucha. Tano, nguvu zake za kustahimili baridi ya theluji, zilizosifiwa sana Ulaya na Marekani, hapa kwetu hazimfai mtu kitu.

Kipo pia kipimo cha tatu, ambacho vijana wetu wamekuwa wakikiulizia, nacho ni cha soko. Wakulima wakubwa wa Naivasha, wanaopeleka mawaridi Ulaya, huuliza shina moja litatoa vikonyo vingapi kwa mwaka, na ua litakaa siku ngapi chomboni baada ya safari ya ndege. Amani halikuzaliwa kwa kazi hiyo. Mwanachama asilipande akitumaini kuuza.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Apendaye kushindana katika maonyesho na apande Amani, tena kwa moyo mkunjufu. Alipande juani, mahali penye kupitisha upepo, na nafasi ya mita moja kati ya mche na mche. Amwagilie shinani, si majani. Aokote majani yenye madoa na kuyachoma. Kwa kuwa sisi hatuna majira ya theluji ya kuulaza mti, atumie mkasi: akipogoa leo, aanze kutazamia maua baada ya wiki sita hadi nane, kwa kadiri ya ubaridi wa mahali, na hivyo aweze kuilenga siku ya maonyesho.

Ama kwa miche ya ukumbusho ya wanachama wote, twaomba Mkutano Mkuu usichague leo. Zichaguliwe aina tano, Amani likiwa mojawapo. Kila aina ipandwe miche mitatu katika nyumba moja ya kila chama cha msingi, za mabondeni na za milimani. Zisipigwe dawa. Kwa muda wa misimu miwili ya masika, mwenye nyumba aandike katika daftari maua aliyohesabu kila mwezi, majani yaliyobaki baada ya mvua, na kama harufu ilimfikia mlangoni. Bwana Shamba aliye karibu aalikwe kuangalia. Gharama ya jaribio hilo ni ndogo kuliko kuing'oa miche ya wanachama wote na kuanza upya.

Yamkini mtasema kwamba ukumbusho wa miaka kumi utachelewa kwa miaka miwili. Ni kweli, utachelewa. Lakini waridi litakalopandwa baada ya hapo litakuwa limechaguliwa kwa ushahidi wa nyumba zenu wenyewe.

Twaliweka jambo hili mbele yenu mliamue kwa kura.