Kuchagua Kazi ya Likizo: Neno kwa Vijana Wetu Wanaosomea Udaktari



Nimeombwa niseme na vijana wetu wanaosomea udaktari, pamoja na wazazi wanaowagharimia. Shahada ya udaktari hapa nchini huchukua miaka 5, na baada yake hufuata mwaka 1 wa utarajali. Katikati ya safari hiyo zipo likizo ndefu, na katika baadhi ya vyuo kipo kipindi ambacho mwanafunzi huruhusiwa kujichagulia idara na hospitali. Majuma hayo ni machache, lakini ni yake mwenyewe kuyapanga. Namna atakavyoyatumia yaweza kuamua atakuwa daktari wa aina gani.

Wengi huanza kwa kuuliza, “Niende nchi gani?” Ushauri wangu ni kwamba swali hilo lije mwisho. La kwanza liwe, ninataka kujua nini? La pili, nani atanisimamia? La tatu, ni kazi gani ninayoweza kuikamilisha kwa muda nilio nao?

Tuchukue mfano wa kichocho. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na umetandaa hadi kwenye malambo na majaruba ya Maswa na Itilima. Kandokando ya ziwa kichocho kinachojulikana zaidi ni cha tumbo. Huku bara ni cha mkojo. Hiki cha mkojo huweza kushambulia pia via vya uzazi vya mwanamke, na dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa. Mama aliyekipata kwa kuchota maji lamboni anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao, na nyumbani akatiliwa shaka asiyostahili. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo. Lakini haiwezi kumfikia mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukutambuliwa.

Hapo pana swali linalomtosha mwanafunzi: kati ya wanawake waliofika zahanati na dalili hizo, ni wangapi walioulizwa kuhusu maji wanayotumia? Kazi hiyo haidai mashine za gharama. Inadai kibali, uvumilivu wa kupitia majalada, na sikio linaloelewa Kisukuma. Kijana aliyekulia Bariadi anaweza kusikia kwa mama huyo jambo ambalo mgeni mwenye vitabu vingi hatalisikia.

Wala asidhani mtu kwamba utafiti wa zahanati ni mdogo. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kwa jirani zetu, katika jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Matibabu ya magonjwa ya zinaa yaliboreshwa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida. Katika jumuiya zilizopata huduma hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko katika zile zilizokuwa zikisubiri. Madaktari wa mataifa mengi walijifunza kutokana na zahanati hizo.

Sikatazi safari. Wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza na Ujerumani huja kujifunza katika hospitali za Tanzania, nasi twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wetu naye akienda London au Ahmedabad, aende kwa ajili ya jambo asiloweza kulipata hapa, na awe na msimamizi aliyemkubali kwa maandishi. Popote atakapokuwa, asimfanyie mgonjwa jambo ambalo hajafundishwa, kwa kisingizio kwamba hospitali iko mbali na mgonjwa ni maskini. Mwili wa maskini si ubao wa kujifunzia.

Tena, utafiti unaowahusu wagonjwa hauanzi bila kibali cha maadili, ama kutoka kamati ya chuo ama kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo Mwanza. Kibali hakipatikani kwa siku mbili. Kwa hiyo anzeni miezi kadhaa kabla ya likizo, au jiungeni na msimamizi ambaye kazi yake imekwisha kuruhusiwa. Muulizeni mapema: sehemu yangu ni ipi, nani atatunza taarifa za wagonjwa, na jina langu litatajwa wapi kazi ikichapishwa?

Wazazi, fedha ya pamba na ya duka hutoka kwa jasho. Msiipime likizo ya mtoto kwa nauli ya ndege. Mwulizeni ni swali gani analolifuata. Nanyi majirani, kijana akija na daftari kuwauliza habari za afya zenu, mna haki ya kujua anatafuta nini, mna haki ya kukataa, na mna haki ya kumwuliza atarudi lini na majibu.

Vijana, majibu hayo yapelekeni kwanza kwenye zahanati iliyowafungulia majalada yake, kisha kwa mwalimu wenu.