Kidonge cha Wasiwasi: Usiingie Bila Daktari, Usitoke Bila Daktari

Mazungumzo na wananchi wa Ubena kuhusu matumizi na hatari za diazepamu na dawa za jamii yake

 

Nimetumwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nizungumze nanyi juu ya kidonge kidogo ambacho wengi mnakijua kwa jina la Valium, na ambacho jina lake la kitaalamu ni diazepamu. Wengine hukiita kidonge cha usingizi tu. Kina ndugu zake, wakiwamo lorazepamu, klonazepamu, bromazepamu na alprazolamu, na ukoo mzima huitwa benzodiazepini. Majina ni mazito na si lazima myashike. Lililo lazima ni neno moja: usiingie katika dawa hii bila daktari, na kama umekwisha kuingia, usitoke bila daktari.

Nusu ya kwanza ya neno hilo mmekwisha kuisikia mara nyingi. Nusu ya pili husemwa mara chache, nayo ndiyo hasa iliyonileta hapa.

Kwanza niitendee dawa yenyewe haki. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, dawa hii ilikuwamo. Mtoto akifikishwa hospitali na degedege lisilokatika, diazepamu huweza kuokoa maisha yake. Mgonjwa wa pepopunda anayekakamaa mwili hupewa. Mtu aliyekunywa pombe kwa miaka mingi, akiacha chini ya uangalizi wa daktari, hupewa ili asipatwe na kifafa. Na aliyeshikwa na hofu kali ya ghafla, daktari anaweza kumpa kwa siku chache ili atulie na kutibiwa. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba nimekuja kukitukana kidonge. Kidonge ni kizuri mahali pake.

Tusimame kidogo kwenye hiyo hofu. Wasiwasi ni sehemu ya ubinadamu. Mama ambaye mwanawe yuko usiku kwenye barabara ya Morogoro hawezi kulala kama asiye na mtoto safarini, na hilo si ugonjwa. Ila kuna wasiwasi unaokaa wiki baada ya wiki bila sababu inayolingana nao: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na kazi za nyumbani zinamshinda mtu. Baadhi yetu huku Pwani husema mtu huyo amepandwa na jini. Sikuja kubishana na imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba afikishwe pia zahanati apimwe, maana upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva, huweza kuleta dalili hizo hizo.

Akikutwa kweli ana ugonjwa wa wasiwasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema kwamba benzodiazepini si tiba inayopendekezwa kwa ugonjwa huo kwa watu wazima. Katika dharura ya hofu kali zinaweza kutumiwa kwa tahadhari, na kwa siku 3 hadi 7 tu. Tiba ya kudumu ni nyingine: mazungumzo na mtaalamu wa ushauri, mazoezi ya pumzi na mwili, na pale inapobidi, dawa kama fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Shirika hilo pia linashauri kwamba huzuni ya msiba isitibiwe kwa benzodiazepini.

Kwa nini siku chache tu? Niwape mfano wa kutunga, ingawa hautakuwa mgeni kwenu. Mama mmoja amefiwa na mumewe. Yuko edani, halali, moyo unamdunda. Jirani, kwa wema wake, anamletea vidonge vitano vilivyofungwa katika kipande cha karatasi. Usiku huo mama analala, na nyumba nzima inamshukuru jirani. Vidonge vikiisha, mtoto anatumwa dukani, na muuzaji hamwulizi neno. Mwezi wa kwanza kidonge kimoja kinatosha. Mwezi wa pili havitoshi viwili. Mwezi wa tatu mama anameza asubuhi na usiku, na akichelewa kidogo anatetemeka.

Siku moja mwanawe mkubwa anatoka Dar es Salaam. Amesikia kwamba vidonge hivi vina uraibu. Kwa mapenzi ya mtoto kwa mama yake, anavichukua vyote na kuvitupa chooni. Siku za kwanza hakuna jambo kubwa. Kisha usingizi unakatika kabisa, jasho linamtoka mama, anashtuka kwa kila sauti, hofu inarudi kubwa kuliko ile ya msiba. Kabla ya wiki mbili kwisha, mama ambaye hajawahi kuugua kifafa anaanguka kifafa. Watu wanakimbilia kutafuta aliyemroga.

Hajarogwa. Jirani hakuwa mbaya, wala mwana hakuwa mbaya. Mmoja alimwingiza mama bila daktari, mwingine akamtoa bila daktari.

Niwaeleze kinachotokea mwilini. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, iitwayo GABA. Fanyeni kama ni breki ya gari. Benzodiazepini huongeza nguvu ya breki hiyo, ndiyo maana hofu hupungua upesi. Lakini mguu mgeni ukikanyaga breki kila siku kwa wiki nyingi, ubongo huzoea, na breki yake wenyewe hulegea. Ukiuondoa mguu huo ghafla, unabaki kama lori lenye shehena kwenye mteremko wa Kitonga bila breki. Mtetemeko, kukosa usingizi, kuchanganyikiwa na kifafa ndiyo kasi ya lori hilo. Na kwa kuwa diazepamu huondoka mwilini polepole, matatizo huweza kuchelewa siku kadhaa, hata watu wasikumbuke tena kwamba chanzo ni kidonge kilichotupwa.

Ziko pia hatari zinazompata mtu angali anatumia, nazo nitazitaja kwa ufupi.

Ya kwanza ni kuchanganya. Diazepamu pamoja na pombe, iwe bia, mnazi au gongo, huweza kupunguza pumzi hadi ikasimama. Ni hivyo hivyo ikichanganywa na tramadoli, mofini au heroini. Kila kimoja hupunguza pumzi kwa upande wake. Vikikutana, mtu anaweza kulala asiamke.

Ya pili ni barabara. Ubena imekaa kando ya njia kuu iendayo Morogoro, Iringa na hadi Zambia. Dereva wa lori au wa bodaboda aliyemeza kidonge usiku anaweza kuamka akijiona mzima, kumbe dawa ingali mwilini na macho yanachelewa kuiona hatari. Anayetumia dawa hii asiendeshe chombo cha moto hadi daktari amruhusu.

Ya tatu ni wazee. Mwili wa mzee huiondoa dawa polepole zaidi, nayo huleta kizunguzungu, usahaulifu na kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa miaka 70, maisha yake yote hubadilika.

Ya nne ni wajawazito na wanaonyonyesha. Mtoto wa mama aliyetumia dawa hii karibu na kujifungua anaweza kuzaliwa mlegevu, akipumua na kunyonya kwa shida. Mama wa namna hiyo aende kliniki mapema akaseme ukweli, na asiache ghafla kwa hofu.

Ndiyo sababu dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Diazepamu imo pia miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Muuzaji anayekuuliza cheti hakunyimi dawa, anakulinda. Na anayekupa vidonge vilivyofungwa katika karatasi bila jina la dawa, bila kipimo na bila tarehe ya mwisho wa matumizi, amekuuzia kitu ambacho hata yeye hawezi kukuhakikishia ni nini.

Sasa nawageukia walio ndani tayari. Najua mpo, na hamna sababu ya kuona haya. Aliyetumia siku mbili tatu kwa maelekezo ya daktari asiwe na hofu. Aliyetumia kila siku kwa wiki kadhaa au zaidi asikilize vizuri.

Usiache leo kwa ghafla. Endelea na kiasi ulichozoea, usiongeze, usichanganye na pombe, na nenda mapema kituo cha afya au hospitali. Chukua pakiti au vidonge vyenyewe. Mwambie daktari mambo manne: ni dawa gani na ya miligramu ngapi, unameza mara ngapi kwa siku, ulianza lini, na unatumia nini kingine, pamoja na pombe na dawa za kienyeji. Usipunguze hesabu kwa aibu, maana daktari atapanga safari yako kwa hesabu utakayompa. Atakupunguzia kidogo kidogo, kwa wiki nyingi au miezi, na ukizidiwa njiani atasimama nawe kabla ya kuendelea. Taratibu ndiyo mwendo.

Na nyinyi wa nyumbani, msitupe vidonge vya mtu wala msimfiche. Msindikizeni. Akianguka kifafa, akichanganyikiwa, akipumua kwa shida au asipoamka mkimwita, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti ya dawa. Vidonge viwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Na dawa yoyote ikiwaletea madhara, mwelezeni mtoa huduma wa afya, naye ataifikishia Mamlaka taarifa.

Yule mwana aliyetoka Dar es Salaam alikuwa na nauli, alikuwa na nguvu, na alimpenda mama yake. Lililomkosa ni kujua jambo moja tu: kwamba vile vidonge vilikuwa vya kuchukuliwa mkononi, mama akashikwa mkono wa pili, wakaenda wote hospitali. Ninyi sasa mnalijua. Mwambieni na jirani.