Mazungumzo kwa Waendeshaji: Nguvu ya Injini ya Mapigo Mawili



Pikipiki nyingi mpya hivi sasa ni za injini ya mapigo manne. Hata hivyo, vespa kongwe zingali zikipita mitaani, na zilizo nyingi kati yake huendeshwa kwa injini ya mapigo mawili. Mwenye kushuka katika chombo cha aina moja na kupanda cha aina ya pili hana budi kufahamu kwamba injini hii haiutii mkono kwa namna ile ile. Kutofahamu huko kwaweza kumgharimu chombo chake, au maisha yake.

Katika injini ya mapigo manne, plagi huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Katika injini ya mapigo mawili, huwasha katika kila mzunguko. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli ulio juu yake, na papo hapo huvuta mwingine chini yake. Inaposhuka hufunua tundu la moshi, kisha matundu ya kupitishia mchanganyiko mpya, nao huingia na kuusukuma moshi nje.

Mtu angetaraji basi kupata nguvu maradufu. Haiwi hivyo, kwa sababu moshi na mchanganyiko mpya hukutana ndani ya silinda. Injini ikizunguka polepole, na mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo, moshi mwingi hubakia, baadhi ya mapigo hupotea, na injini husikika ikigugumia. Mzunguko ukifikia kiwango chake, mawimbi ya mgandamizo yanayorudi kutoka bomba la moshi huurudisha ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Hapo nguvu huja kwa ghafla, ingawa mkono haukuongezwa.

Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliitumia kanuni hiyo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1961 injini yake ya mashindano yenye ujazo wa sentimita 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na farasi 200 kwa kila lita ya ujazo. Lakini nguvu hizo zilipatikana katika kiwango finyu cha mizunguko, na mpandaji alilazimika kubadili gia kila mara ili asitoke humo. Bomba la vespa limeundwa kwa upole zaidi. Tabia hiyo imo, ila kwa kiasi kidogo.

Hivyo basi, mwendeshaji anashauriwa yafuatayo:

Kwanza, kabla ya kulipita gari, ateremshe gia mapema. Akifungua mafuta kwa ghafla katika gia kubwa, injini itagugumia naye yumo upande wa magari yanayokuja.

Pili, penye kona, maji au mchanga, afungue mafuta taratibu, kwani nguvu ikizuka ghafla gurudumu la nyuma huteleza.

Tatu, mafuta yakifungwa, injini hii huzuia mwendo kidogo kuliko ile ya mapigo manne. Breki ziwe nzima, na zitumike mapema.

Nne, oili ya kulainisha injini husafiri pamoja na petroli. Katika mteremko mrefu, kama ilivyo katika barabara za vilima za Pemba, gia ikiwa imo na mafuta yamefungwa, injini huzunguka kwa kasi ilhali oili inayoifikia ni chache. Pistoni yaweza kukwama na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Mwendeshaji afungue mafuta kidogo mara kwa mara, na akihisi injini inakaza, abane klachi mara moja.

Tano, kipimo cha oili kifuatwe kama alivyoagiza mtengenezaji. Kwa kipimo cha asilimia 2, lita 5 za petroli huchanganywa na mililita 100 za oili. Injini za zamani zaidi hutaka zaidi. Anayepunguza oili ili abakishe fedha, fedha hizo na nyingi zaidi zitakwenda kwa pistoni na silinda mpya.

Wazee wenye vyombo hivi wanaombwa kuwaeleza vijana haya kabla ya kuwakabidhi ufunguo.