Kupanda Viungo Bustanini Kabla ya Kipupwe



Nataka kusema nanyi mkaao nyanda za juu, kama Kinangop, Limuru na Molo, juu ya mimea ya viungo idumuyo miaka mingi: rozmeri, zaatari, nanaa na mchaichai. Mimea hii hupandwa mara moja, ikamfaa mwenyewe kwa miaka. Kwa hiyo aipandaye vibaya hupata hasara kuliko aliyekosea mchicha.

Wakati wake ni mvua za masika zikiisha kulowesha ardhi, yaani Aprili hata mwanzo wa Mei. Kipupwe huingia Juni, na hapo udongo hupoa, mizizi ikakua polepole mno. Mche uliokwisha kushika ardhi huvumilia. Uliotiwa jana huduwaa, na maji yakisimama shinani huoza. Mimi mwenyewe nilipata kupanda mashina kumi na mawili ya mchaichai mwezi wa Julai, kwa kuwa jirani alinipa bure nami nikaona haya kukataa. Kufika Septemba lilibaki moja.

Tena iko sakitu. Wengi hudhani ni ya kipupwe tu, kumbe mawingu ya Julai mara nyingi huifunika ardhi kama blanketi. Usiku wa kuogopa ni ule mkavu, usio na mawingu wala upepo. Januari 2012 sakitu iliunguza chai huko Kericho na Nandi. Hewa ya baridi ni nzito, nayo hutelemka kama maji ikatuama bondeni. Basi mchaichai na rozmeri msiviweke bondeni. Viwekeni mtelemkoni, au kando ya ukuta wa mawe, ambao hutunza joto la mchana.

Vipandikizi vya rozmeri, vya urefu wa sentimita 10 hivi, vikatwe mapema, Januari au Februari, vikaoteshwe kivulini, maana huchukua majuma mengi kutoa mizizi. Zaatari gawanyeni shina lenye mizizi. Nanaa haiogopi baridi: majani yakifa huchipua tena, lakini hutambaa ikanyang'anya wenziwe nafasi, heri ipandwe ndani ya debe kuukuu lililotobolewa chini.

Tandazeni majani makavu, yasiguse shina. Na baada ya Mei msipogoe sana, kwa maana machipukizi mororo ndiyo yanayoungua kwanza.