Umechora Kitabu

Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wahitimu



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya viumbe. Mimi si mwanasayansi. Biolojia niliisoma hapa, nikaisoma na Chuo Kikuu, kisha nikaingia serikalini, na tangu hapo kazi yangu ni mafaili. Basi nitasema kama msomaji tu wa vitabu vya sayansi.

Nianze na aibu yangu. Katika maabara ile pale ng'ambo ya uwanja, nikiwa Kidato cha Pili, tulipewa hadubini moja watu sita, tutazame ngozi ya kitunguu na kuchora tulichokiona. Zamu yangu ilipofika niliona mapovu ya hewa na kivuli cha kope zangu mwenyewe. Nikafungua kitabu chini ya meza, nikachora seli safi, mistari imenyooka, kiini mahali pake. Mwalimu alinirudishia daftari na sifuri, na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Umechora kitabu." Mwenzangu aliyechora mapovu alipata sita kwa kumi. Nilinung'unika muhula mzima.

Maana ya sifuri ile niliielewa miaka mingi baadaye, niliposoma vitabu vya Jane Goodall juu ya sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma.

Mama huyu, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alifika Gombe Julai 1960, msichana wa miaka 26 asiye na shahada yoyote. Miezi michache baadaye alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akiingiza bua la nyasi ndani ya kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akiwala. Aliona pia kwamba sokwe hunyambua majani kwenye kijiti ili kipenye vizuri. Siku hizo wataalamu walifundisha kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee atengenezaye zana. Neno hilo lilikuwa vitabuni, na bua lilikuwa mkononi mwa sokwe. Ikabidi vitabu ndivyo vibadilike.

Mwaka 1971 alitoa kitabu, In the Shadow of Man, alichowaandikia watu wa kawaida. Humo biolojia inasomeka kama habari za jirani: bibi mmoja, Flo, na wanawe, madume wanaogombea ukubwa, ugomvi na kupatana. Ni kitabu kizuri sana. Lakini msomaji akikifunga anabaki na picha ya viumbe wenye makelele mengi ila wapole kuliko sisi. Mwandishi mwenyewe aliamini hivyo, na baadaye alikiri.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii ile ya sokwe iligawanyika. Kundi kubwa lilibaki upande wa bonde la Kasakela, dogo likahamia kusini, upande wa bonde la Kahama. Tarehe 7 Januari 1974 Mtanzania mmoja, Hilali Matama, mfanyakazi wa utafiti, alikuwa akiwafuata sokwe wa Kasakela walipoingia kimya kimya katika eneo la wenzao. Wakamkuta dume wa Kahama aliyeitwa Godi anakula peke yake. Wakamkamata, wakambana chini, wakampiga na kumng'ata kwa muda wa kama dakika kumi. Walipoondoka alikuwa na majeraha mabaya, na baada ya siku chache hakuonekana tena. Kabla ya siku ile hakuna mtafiti wa Gombe aliyekuwa ameliona jambo kama hilo. Kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama lilikuwa limekwisha. Na waliowaua walikuwa wamekula nao na kuchambuana manyoya nao miaka michache tu nyuma.

Vijana, jiwekeni katika nafasi ya Hilali. Mwajiri wako ameuambia ulimwengu mzima kwamba viumbe hawa ni wapole. Wewe umeona vingine, na shahidi ni wewe. Utapeleka taarifa gani? Hilali alieleza alichokiona. Naye mama yule, ambaye habari ile ilimwumiza, hakuifungia kabatini. Walikuwapo waliomshauri apunguze ukali wa maneno, wasije watu wakadai kwamba vita ni maumbile yetu. Aliyatangaza, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1986 aliyaeleza kinaganaga, shambulio moja baada ya jingine.

Haikuishia hapo. Tangu miaka ya mwanzo sokwe wa Gombe walikuwa wakipewa ndizi kambini ili watazamwe kwa karibu. Wakatokea wataalamu wakasema: ndizi zenu ndizo zilizowafundisha ugomvi. Lilikuwa swali halali kabisa, wala halikuweza kujibiwa kwa kutazama Gombe peke yake. Ilibidi kulinganisha na mahali pengine, kama Mahale, ambako Wajapani walianza utafiti mwaka 1965. Mwaka 2014 gazeti la Nature lilichapa hesabu ya jamii 18 za sokwe, pamoja na mauaji 152 yaliyoonwa au kukisiwa. Mauaji hayakufuatana na jinsi binadamu walivyowaingilia. Yalifuatana zaidi na wingi wa madume na msongamano wa sokwe katika eneo. Kutoka kwa Godi hadi hesabu ile ni miaka 40. Nawaambia hili ninyi mnaotaka jibu kabla kengele haijalia.

Jambo moja nalipenda kuliko yote. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku, wakawateka wageni wanne pale Gombe. Baadaye waliachiliwa, lakini kwa muda mrefu wageni hawakuweza kukaa. Kazi ikabaki mikononi mwa Watanzania. Nao waliendelea, siku baada ya siku: huyu amekula nini, alikuwa na nani, amelala wapi. Waliandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili hakibebi sayansi, humwuliza kama amesikia habari za Gombe. Kinachonikera ni kwamba vitabu nilivyovisoma juu ya kazi hiyo, vyote ni vya Kiingereza. Mmoja wenu angeweza kulipa deni hilo.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalizie aibu yangu ya pili. Miaka michache iliyopita nililetewa taarifa ya bwana shamba kutoka kijijini: mbegu mpya haikuota, zaidi ya nusu imeozea ardhini. Nilishika kalamu, nikafuta, nikaandika "palikuwa na matatizo madogo madogo". Taarifa ikapanda juu ikiwa nadhifu kabisa. Msimu uliofuata mbegu ile ile ilipelekwa vijiji vingine, na watu wakaipanda. Bwana shamba yule alikuwa amechora mapovu. Mimi, na utu uzima wangu wote, nilikuwa nimechora kitabu tena. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi. Wale walioipanda sikuwaandikia.

Wahitimu wa mwaka wetu tumechanga, tumenunua hadubini nne. Zimo katika sanduku lile karibu na mlango, pamoja na nakala tatu za kitabu nilichokitaja, kwa ajili ya maktaba. Ndugu Mwalimu wa Biolojia, vitunguu navyo vimo, kilo mbili.