Arobaini bila ndugu

Mjamzito aliyekosana na ukoo hupewa ushauri mmoja: omba radhi, mtoto asizaliwe na nuksi. Mimi naanza na kazi. Katika arobaini, nani atamkanda mzazi kwa maji ya moto, nani atampikia uji wa pilipili manga? Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 humpa mama likizo ya siku 84; baba, angalau 3. Pengo hilo huzibwa na mama yake na mawifi, bure. Basi kabla mimba haijatimiza miezi minane, atafutwe jirani au somo, na muuguzi wa kliniki aambiwe nani wa kupigiwa simu. Suluhu? Shangazi mmoja aitafute taratibu. Anayekuja kumtukana mjamzito, hata awe mkwe, angoje nje.